Kaka wa Kiponda na yule dada aliyehesabu mpaka saba

Hii habari nimekaa nayo tangu kusi la mwaka jana, naandika nafuta, naandika nafuta, kwa sababu kila nikianza naona nataka kusema mambo mengi kwa pamoja, basi leo naandika tu kama ilivyokuwa.

Wengi mnanijua, kazi yangu kutembeza wageni Mji Mkongwe, huu mwaka wa 11 sasa. Twaanza Forodhani, twapita Ngome Kongwe, twakata vichochoro mpaka Mkunazini na Darajani, alafu twarudi kwa njia ya Hurumzi na Kiponda. Siku hiyo nikapewa watu watatu, mke na mume na binti yao wa miaka 12 hivi, karatasi imeandikwa wanatoka Glasgow, Uskochi. Nikawapokea kama Waskochi. Lakini yule mama, maji ya kunde, nywele nyeusi ndefu kazifunga nyuma, ungemvisha dira na mtandio ukamsimamisha sokoni Darajani wallahi wachuuzi wangemsemesha Kiswahili moja kwa moja. Nikamuuliza, maana ndo mazungumzo yetu ya kawaida njiani, dada asili yenu wapi? Mume akawahi kujibu, Slovakia. Yeye akanyamaza. Nikaona kuna kitu hapo, nikaacha.

Forodhani palikuwa na boti imepandishwa juu inapakwa rangi, ubavuni imeandikwa BAHATI. Yule mtoto akasoma kwa sauti, ba-ha-ti, akaniuliza maana yake. Nikamwambia ndo lile jambo zuri linalomjia mtu bila kulitafuta, ukiwa nayo mambo yako yanakunyookea. Mama yake akageuka ghafla akasema, hata sisi twasema bacht. Kaitamka ile ch kama kh ya Kiarabu, bakht. Nikamuuliza nyie kina nani, Waslovakia? Akamtazama mumewe kwanza, kisha akanambia kwa sauti ya chini, la, sisi ni Roma.

Sasa niseme kweli, mie kabla ya siku ile hao watu niliwajua kwa jina moja tu, majipsi, na nilichokijua ni kile cha kwenye filamu, mwanamke kavaa hereni kubwa anatazama watu viganja, au mwizi wa mifuko. Tena kuna mwenzangu wa kazi siku za nyuma alinipa wasia kabisa, ukipata wageni wa namna ile shika pochi yako. Na nyumbani mama yangu tukichelewa kurudi alikuwa akisema mmekuwa majipsi nyie, hamna kwenu? Hakuwa na ubaya, kalisikia neno kalitumia. Lakini pale Forodhani nilipomuona mtu mzima anamtazama mumewe kabla hajataja kabila lake, kama anaomba ruhusa, moyo uliniuma. Mie nikiulizwa kwetu wapi najibu Pemba, Wete, kwa sauti ya juu.

Akanieleza tukiwa tunatembea. Kwanza jina. Roma si watu wa mji wa Roma, wala si Romania, ni neno lao wenyewe, rom kwao ni mwanamme, ni mume. Hilo la jipsi walibandikwa na Wazungu waliodhani wametoka Misri, yaani kutoka Ijipti ikakatwa kichwa ikabaki jipsi. Mwaka 1417 vikundi vyao vilionekana miji ya Ujerumani wakijitambulisha kuwa mahujaji wa kutoka Misri Ndogo, na zama zile Mkristo akimkuta hujaji njiani humpa chakula na pa kulala, 1427 wakafika hadi Paris. Baada ya hapo ndo milango ikaanza kufungwa. Uingereza mwaka 1530 mfalme Henry wa 8 alitoa sheria ya kuwafukuza hao aliowaita Wamisri, na 1554 sheria ikazidi kuwa mbaya, akionekana kabaki nchini anauliwa. Kuuliwa kwa sababu ya kuwa yeye ni yeye, hakuna kosa jengine.

Tukafika Mkunazini. Pale uani kwa kanisa kuna yale masanamu matano ya watumwa ndani ya shimo, minyororo ya kweli shingoni. Mie huwa nina maneno yangu pale, nawaeleza hapa ndo palikuwa soko, Seyyid Barghash akatia saini kulifunga 1873, na utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria hapa Unguja mpaka 1897. Wageni wengi hupiga picha wakanyamaza kidogo tukaendelea. Yule dada hakupiga picha. Akakaa kwenye ukingo wa shimo muda mrefu, mpaka mtoto akamvuta mkono. Kisha akasema, ukoo wa bibi yangu mzaa baba waliuzwa hivi.

Nilidhani sikumsikia vizuri. Wazungu wameuzwa na Wazungu? Akasema ndio, Wallachia na Moldavia, hiyo ambayo sahivi sehemu kubwa ni Romania. Waroma walikuwa watumwa huko, maandishi ya mwanzo yanayowataja ni ya 1385, na walikuwa wa aina tatu, wa mtawala, wa nyumba za watawa, na wa mabwana wa mashamba. Wakiuzwa mnadani, mume huku mke kule. Moldavia waliachwa huru mwisho wa 1855 na Wallachia 1856. Hesabu utaona ni zaidi ya miaka 450. Mie nikashtuka na huo mwaka, 1856, kwa sababu ndo mwaka aliofariki Seyyid Said, kila siku nautaja kwenye maelezo yangu na sikujua kama mwaka huo huo upande mwengine wa dunia kulikuwa na watu wanafunguliwa. Na fidia nako ikawa vile vile kama kwetu, walilipwa waliokuwa wakimiliki, aliyemilikiwa akaambiwa haya nenda, uende wapi hakuna aliyekwambia. Wengi wao ndo wakatawanyika, wengine wakaja mpaka Slovakia, wengine mpaka Marekani.

Tulitoka pale hatusemi. Nikawapitisha Hurumzi kimya kimya, nikaona sasa niwapeleke mahali penye kheri, nikawapeleka kwa Kaka.

Kaka wa Kiponda wale wa mjini mnamjua, ana duka dogo la viungo na kanga, mlango wa mbao wa kukunja, mizani ya shaba bado anaitumia. Ni Baniani, babu yake alikuja na jahazi kutoka Mandvi, huko Kachi, India, na wao ni katika wale wachache waliobaki, ndugu zake wengi waliondoka baada ya Mapinduzi ya 64. Sisi sote mtaani twamwita Kaka na wengi hawajui kwamba siyo kaka hii yetu ya ndugu wa kiume, ni kwa sababu watoto wa nduguye walikuwa wakimwita kaka, na kwa lugha yao kaka ni ami, baba mdogo. Sasa nilipomtambulisha, huyu ni Kaka, na nikaeleza hiyo maana, yule dada akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kak! akasema. Ami yangu ni kak.

Mie nikaona ni sadfa tu. Wakachagua vitu, iliki, mdalasini, kanga doti mbili, ikafika elfu sabini. Mume akatoa noti za elfu kumi kumi, Kaka akazishika akaanza kuzihesabu kama kawaida yake, kwa Kikachi, polepole, anailaza moja moja juu ya meza ya kioo na kuipangusa kwa kiganja. Hakro. Ba. Tre. Na ilipofika hiyo tre nikamsikia yule dada kwa chini, trin. Kaka akasita. Akalaza nyengine, char. Dada, shtar. Kaka akamtazama juu ya miwani, akalaza ya tano hata noti haiangalii tena, panj. Na yeye akasema panj. Sio karibu na panj, panj yenyewe, wakaitoa pamoja kama watu wanaoitikia dua.

Basi ile noti ya sita akaishika juu hewani, chha. Yeye akasema shov. Hiyo bado mtu unaisikia inafanana. Ya saba, sat, akasema Kaka, kwa furaha kabisa, amesogea mpaka kwenye ukingo wa meza. Na dada akasema efta.

Efta? Kaka akaweka noti chini. Hapo umepotea njia binti yangu, akasema, na mie nikatafsiri, na yule dada alilolijibu sijalisahau mpaka leo. Akasema, hatukupotea, hapo ndipo tulipopita. Efta, ohto, enya, saba nane tisa, hizo ni za Kigiriki, wazee wetu walikaa muda mrefu kwenye nchi za Wagiriki, zile ambazo leo ni Uturuki, kabla ya kuingia Ulaya. Kumi yarudi tena ya India, desh.

Jamani. Mie nimesimama pale na ngozi imenisisimka. Kwa sababu nilielewa, ile hesabu moja mpaka kumi ilikuwa ni njia waliyopita, imewekwa mahali ambapo hakuna askari wa mpaka anayeweza kuichukua. Moja mpaka sita India. Saba mpaka tisa kwa Wagiriki. Na ile bacht ya asubuhi ni ya Kiajemi, wameipata walipopita Uajemi, na sisi bahati yetu ni ile ile, imetoka Uajemi ikapita kwa Waarabu ikatufikia na majahazi ya kaskazi. Neno moja limeenda pande mbili za dunia likaja kukutana ubavuni mwa boti Forodhani.

Baada ya hapo ikawa mambo mengine. Kaka kasahau wateja. Akajishika pua, akasema nak, dada naye nakh. Sikio, kan na kan. Jino, akaonesha la kwake la mbele, dand, vile vile. Usiku, rat. Maji, pani, hiyo hata mie naijua. Mtu, Kaka akasema kwa Kigujarati maanas, dada manush. Nyeusi, kalo na kalo, hapo yule mtoto ambaye alikuwa amechoka amekaa juu ya gunia la bizari akainuka akaja kushiriki, akaanza kumuuliza Kaka maneno yeye mwenyewe, na mama yake akanambia baadae kwamba huyu mtoto kule Glasgow skuli hataki kabisa aongee Kiroma mbele za watu. Kaka akatia chai kwenye flaski ikanyweka yote. Na pesa zile noti saba zimelala juu ya kioo mpaka tunaondoka, hakuna aliyezijali.

Siku ile usiku sikulala, nikashika simu kusoma, na nimeendelea kusoma mpaka leo. Nikakuta kumbe lile la dukani lilishatokea. Kuna mtaalamu wa Kijerumani, Johann Christian Christoph Rüdiger, mji wa Halle, alimkalisha mwanamke mmoja wa Kiroma akamwambia sentensi moja moja azigeuze kwa lugha yake, akazilinganisha na Kihindustani, na mwaka 1782 akaandika hawa wametoka India, hakuna Misri hapa. Zaidi ya miaka 300 watu wameulizana hawa wametoka wapi, zimetungwa hadithi za kila aina, na siku zote jibu lilikuwa mdomoni mwao, ilitakiwa mtu mmoja tu akae asikilize wanavyoomba maji. Miaka hii ya karibuni wataalamu wa vinasaba nao wametoa utafiti, 2012, wakasema yale yale, kaskazini magharibi mwa India, yapata miaka 1,500 iliyopita.

Na hili hapa ndo limenikaa kifuani zaidi. Mwaka unaofuata baada ya Rüdiger, 1783, mfalme Joseph wa Pili wa Austria, ambaye ndo alikuwa akitawala na huko Slovakia ya leo, alitoa amri Mroma akikamatwa anaongea Kiroma achapwe viboko 24. Mama yake, Maria Theresa, alishaanza kabla, hata jina lao lisitajwe, waitwe wakulima wapya, watoto wao wakachukuliwa wakapewa familia nyengine za kuwalea. Yaani huku mmoja ndo kwanza anagundua hii lugha ina thamani gani, huku mwengine anaipiga viboko. Na ikabaki. Bibi yake yule dada aliipata kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake, ikafika mpaka Kiponda.

Watu husema hawa ni wa kuhamahama tu, hawataki kukaa. Hili nalo nimejifunza si kweli, au tuseme ni kweli ya baadhi yao. Slovakia wengi wao wamekaa kijiji kimoja karne na karne, mafundi wa chuma, wapiga muziki, wafyatua matofali. Waliokuwa na magari ya farasi walikatazwa na serikali ya kikomunisti ya Czechoslovakia mwaka 1958, sheria kabisa ya kuzuia kuhama. Na kila ukisoma waliohama unakuta kuna aliyewasukuma. Ureno iliwahamisha kwa nguvu mpaka Brazil na Angola, hivyo hata bara letu walifikishwa zamani hizo na hawakuja kutalii. Spain mwaka 1749 waliwakamata nchi nzima kwa siku moja, wanaume mbali, wanawake na watoto mbali.

Wakati wa vita vya Hitler waliuliwa kama walivyouliwa Mayahudi. Makadirio yanaanzia laki mbili mpaka laki tano. Usiku wa tarehe 2 Agosti 1944 kule Auschwitz walitolewa waliobaki kwenye upande wao wa kambi, zaidi ya 4,000, wengi wazee na kina mama na watoto, wakaingizwa kwenye gesi. Na Ujerumani Magharibi haikukiri rasmi kwamba yale yalikuwa mauaji ya kimbari dhidi yao mpaka 1982. Miaka 38. Nilipomuuliza yule dada kama kwao waliyazungumza haya, alisema bibi yake hakuwahi, ila kila tarehe fulani alikuwa anaweka sahani moja ya ziada mezani.

Siku ya pili yake niliwaalika nyumbani Kikwajuni, mama yangu akasema lazima, umewatembeza juani wale. Akapika wali wa nazi na mchuzi wa papa na mchicha, kaweka na kachumbari. Kabla ya kula mama akaleta beseni na birika awanawishe, na yule dada akaangalia lile beseni akaniuliza kwa adabu sana, hili ni la mikono tu? Nikatafsiri, mama akasema ala, ni la mikono tu, la vyombo mbali, la nguo mbali, na la kuogea mbali. Dada uso ukamchanua. Kwao bibi yake ni hivo hivo, nguo za juu zinafuliwa mbali na za chini, na beseni la nguo haliguswi na chombo cha kulia hata ukifa njaa. Si Waroma wote wanashika hayo siku hizi na kila ukoo una namna yake, lakini wanaoshika wanashika kweli, na katika koo nyengine za Uingereza hata paka haingii ndani, kwa sababu anajilamba mwili wote kisha atie ulimi kwenye sahani. Hapo mama akamtazama paka wetu aliyelala juu ya mkeka, akamtoa nje. Nakwambia mama yangu huyu aliyekuwa akisema majipsi hawana kwao ndo kawashika mkono mpaka nje kwenye gari, anamwambia mwanangu watu wasafi nyie, karibuni tena. Na neno lile sijamsikia nalo tena.

Muziki tuliongea kidogo. Mume wake babu yake alikuwa mpiga fidla, kwao kiongozi wa bendi ndo mwenye fidla ya kwanza, wamwita primash, na pembeni kuna simbalo, ya nyuzi nyingi inapigwa kwa vijiti viwili, ukiitazama utasema ni nduguye kanuni yetu ya taarab. Nikawapigia taarab ya zamani kwenye simu, yule bwana akafumba macho. Wana na Siti wao, Czinka Panna, aliishi 1711 mpaka 1772, mwanamke na zama zile akaongoza bendi yake mwenyewe, fidla kashika yeye. Nikamsimulia na mie Siti binti Saad alivyotoka Fumba na vyungu vyake akafika Bombay 1928 kurikodi sahani za santuri.

Na Glasgow je, waliendaje? Slovakia ilipoingia Umoja wa Ulaya tarehe 1 Mei 2004 njia ikafunguka, na watu wa upande wao, mashariki huko karibu na Michalovce, wakaanza kwenda mmoja akamvuta mwengine, wakajazana mtaa unaitwa Govanhill. Ni mtaa wa wageni tangu zamani, walikuwepo Waairishi, wakaja Mayahudi, wakaja Wapakistani, kisha wao. Yeye alianza kwenye kiwanda cha kuku, kapelekwa na wakala aliyekuwa akikata nusu ya mshahara, chumba kimoja watu wanane. Nikamuuliza kwa nini hukurudi. Akanambia kule kwetu nilipofika miaka sita walinipima nikawekwa kwenye skuli ya watoto wenye upungufu wa akili, mimi na watoto wote wa upande wetu wa kijiji. Na huyu dada anaongea lugha nne. Alichokuwa hakijui siku ile ya kupimwa ni Kislovakia tu, kwa sababu nyumbani waliongea Kiroma. Mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya mwaka 2007 ilishatoa hukumu kwa kesi ya watoto 18 wa Kiroma wa mji wa Ostrava, nchi jirani ya Czech, ikasema huo ni ubaguzi. Binti yake Glasgow anakaa darasa moja na wenziwe, na kwa hilo tu, alisema, hata kuku wote wale aliwachuna kwa moyo mmoja.

Alichonifurahisha ni hichi, Govanhill wale wenye maduka Wapakistani waliposikia wateja wao wapya wanahesabu ndo walikuwa wa mwanzo kujua hawa ni kina nani. Kwa hiyo la Kaka kwake halikuwa geni kabisa, ila anasema kule ilikuwa ni biashara, mtu yuko haraka. Hapa alipewa chai.

Mwezi wa nne mwaka huu, tarehe 8, ambayo ni siku ya Waroma duniani, wanaikumbuka kwa sababu ya mkutano wao wa kwanza wa dunia mwaka 1971 karibu na London, akanitumia picha. Binti yake kashika bendera, juu buluu, chini kijani, katikati gurudumu jekundu. Na meseji fupi, chini yake kaandika Ach Devleha, akaeleza ndo anayeondoka anavyomuaga anayebaki, baki na Mungu.

Nikashuka nayo mpaka Kiponda. Kaka akavaa miwani, akaiangalia bendera, akaweka kidole kwenye gurudumu, chakra, akasema, hii iko kwenye bendera ya India. Nikamsomea ile meseji. Akanisimamisha, Dev? Umesema Dev? Nikamwambia Devel kwao ni Mungu. Kanyamaza kidogo, akavuta daftari lake la madeni kutoka chini ya meza, akafungua ukurasa wa mwisho, na hapo ndo nikaona kumbe siku ile ile aliandika, kwa herufi za Kigujarati, mstari mzima, akanisomea, efta, ohto, enya. Hizi walizipata njiani nikaona nizijue, akasema. Kisha akaniuliza, na yule anayebaki humjibuje anayeondoka? Nikauliza kwa meseji pale pale, jibu likaja kabla hatujamaliza kahawa, Ja Devleha.

Ja, akarudia Kaka. Ja. Hiyo naijua, kwetu vile vile, ja ni nenda. Akachukua kalamu ya risasi akaiandika chini ya zile tatu, taratibu, akapuliza karatasi, na akaingia kijana wa watu anataka bizari nzima robo, Kaka akainuka kwenye mizani.